Koki Haivuji, Panda Basi

Haivuji! Tusekile, koki haivuji! Nimeipangusa kwa kanga kavu, nikangoja, nikaipangusa tena, kanga kavu vilevile. Nimemwita Mama Ipyana aje aweke kiganja chake chini ya shingo ya koki, maana yeye haamini kitu mpaka akiguse, akaweka, akakitoa kikavu, akakigeuza nyuma na mbele kama mtu anayetafuta wino wa kura. Akarudi kwake jirani bila kunitania. Mama Ipyana, mwanangu! Bila kunitania! Nimeitengeneza mimi mama yako, kwa mikono hii ya kufinyanga vyungu. Kwa hiyo kesho unapanda basi, na sitaki kusikia hadithi nyingine.

Haya, sasa nikusalimu. Ndaga, mwanangu. Umerudi salama? Bibi yako hajambo huko Ikombe? Mtumbwi haukuwatupatupa? Natumaini bibi amekuaga bila kulia, na kama amelia, natumaini wapiga kasia hawakumsikiliza. Nitakuambia mbele kwa nini nasema hivyo.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati usiku huu tunalala nyumba moja. Sababu ni baba yako. Tangu jua lilipoanza kulegea yuko ufukweni Lyulilo anaungoja mtumbwi wenu, na ninamjua, hakwenda kukupokea mzigo. Amekwenda kuniwahi. Atakusimulia habari ya koki kana kwamba spana alishika yeye, wakati alichoshika leo ni kikombe cha chai. Msikilize, ni baba yako, mcheke anapotaka ucheke. Halafu uje usome hapa upate ukweli. Tena jioni hii nyumba itajaa wanakwaya na shangazi zako wanaokuja kukuaga, nikifungua mdomo kila mtu ataingiza lake. Kwenye karatasi haniingilii mtu. Na mwandiko wangu unaujua. Pale shuleni Ikombe mwalimu alikuwa analishika daftari langu juu darasa zima lione. Niliishia darasa la saba kwa sababu ya karo, siyo kwa sababu ya kichwa.

Mambo ya kula na kufua na kusali sitakuandikia, hayo umeyajua tangu ukiwa mfupi kuliko ndoo. Nguo zimekunjwa. Usipa mkavu nimekufungia, uwaonyeshe hao watu wa chuoni Mwanza na dagaa wao kwamba samaki ni kitu gani. Ninalotaka kukuandikia ni lile ulilosema Jumatatu.

Ulisemaje Jumatatu? Ulikuwa umeshaingiza mguu mmoja mtumbwini, unakwenda kumuaga bibi, ukageuka ukasema, "Mama, Alhamisi nikirudi nikakuta koki bado inavuja, sipandi basi mimi." Watu wa pale sokoni wakacheka, wauza vyungu wakacheka, baba yako akacheka. Mimi nilionyesha meno tu. Kwa sababu mwaka jana pia ulianza kwa kucheka. Mwaka jana chuo kilikuita, mkoba ukafungwa, asubuhi ya safari tukaamka jiko limejaa maji, banda la vyungu limeingiliwa, vyungu vibichi vimekaa chini kama vyura. Ukauweka mkoba, ukachukua spana. Basi likapita. Ukasema utakwenda wiki inayofuata, wiki inayofuata ikavuja tena, na nafasi akapewa mtoto wa watu wengine. Hukulalamika. Ndiyo iliyoniuma zaidi, hukulalamika. Safari hii wamekuita tena, na wamesema wazi kwamba usipofika mwanzo wa juma hakuna mara ya tatu. Sasa mtu aniambie niicheke koki!

Ngoja nikueleze kisa cha moto, maana wewe ulikuwa bwenini na ulichosikia ni vipande vya Mama Ipyana, na vipande vya Mama Ipyana vina chumvi.

Ile koki ya nje ya jiko ilianza kuvuja shingoni, pale chini ya mkono wa kuzungushia. Maji yetu yanashuka moja kwa moja kutoka mlimani, yana nguvu, hayana subira na tundu. Basi siku moja maji yalikatika mstari mzima, koki ikakauka, na mimi nikapata akili. Nikasema, mimi ni binti wa Ikombe. Mama yangu kafinyanga, bibi yangu kafinyanga, chungu chetu kinapikiwa mpaka Busale huko mashambani na hakijawahi kutoa jasho. Tundu la chuma litanishinda? Nikachukua udongo mzuri, ule wa vyungu vikubwa, nikaipaka koki shingo yote, nikailainisha kwa maganda ya mahindi mpaka ikapendeza. Ungeiona! Ilikuwa koki nzuri kuliko zote katika wilaya ya Kyela. Jua likaikausha. Lakini udongo mbichi haushiki maji, hilo hata mtoto wa Ikombe anajua, chungu ni moto. Kwa hiyo nikakusanya nyasi kavu na maganda ya kokoa, nikaizungushia, nikaichoma.

Usicheke bado. Iliiva vizuri! Ikawa nyekundu. Nilichosahau ni kwamba bomba linalotoka pale kwenye koki kuingia ukutani si chuma, ni plastiki, na plastiki haijui mila za Ikombe. Ndani ya ule udongo mzuri bomba lilikuwa limelegea kama ugali wa mgonjwa na mimi sioni. Jioni maji yakarudi. Nilisikia mlio, paa! nikatoka, maji yanapanda mpaka kwenye bati, koki yangu nyekundu imeruka iko kwenye mchicha.

Na hapa ndipo penye shida yenyewe. Maji yale yangefungwa kule juu, kwenye koki ya mstari wetu. Na koki ya juu iko wapi? Iko uani kwa babu yako.

Wewe umezaliwa ukaikuta desturi hii, kwako ni kama ukuta wa nyumba, huuulizi. Lakini fikiria mimi, msichana nimetoka kwetu, siku ya pili ya ndoa shangazi wa baba yako ananikalisha kwenye mkeka: "Mkamwana, sikiliza. Baba mkwe wako humwoni uso. Anapopita unajificha. Uani kwake hukanyagi. Jina lake hulitaji, hata kama ni jina la kitu cha kula." Nikadhani ni ya mwezi mmoja. Mwanangu, mmezaliwa ninyi wote, mmekua, na mpaka leo babu yako namjua kwa kikohozi. Wenzangu wengine siku hizi wameacha, wanasalimiana na wakwe zao mkono kwa mkono. Siwalaumu. Ila mimi nimeishika, na nikuambie ukweli nimeipenda. Yule mzee hajawahi kunikosea hata mara moja. Anapita njia ya mbali na mkongojo wake ili mimi nichote kuni kwa raha.

Lakini siku ile ya moto! Nilisimama kwenye migomba, nyuma yangu maji yanapiga bati, mbele yangu ua nisioweza kuukanyaga, nikawa napiga kelele "Moto! Maji! Moto! Maji!" Sasa mtu gani anapiga kelele ya moto na maji kwa pamoja? Watu walisita, hawajui walete ndoo au walete mchanga. Baba yako alikuwa shambani kwenye kokoa. Maji yalitoka mpaka aliporudi. Vyungu vyote vya soko vilirudi kuwa matope, na kuanzia siku ile Mama Ipyana akaniita Mama Choma Koki, na jina likashika kuliko ule udongo.

Basi nikajifungia mlango. Nikasema vyuma si kazi yangu, mimi ni wa udongo. Wewe uliporudi likizo ukajifunza kwa yule fundi aliyebadilisha bomba, ukanunua spana, na tangu hapo ikawa "Tusekile! Inavuja!" Na wewe unakuja, unakaza nati, unapanda kwa babu kufunga na kufungua, na mimi nakaa kwenye kigoda nakusimulia nani kauza nini Lyulilo, tunacheka mpaka unakosea spana. Zilikuwa saa nzuri zile. Nilizipenda mno. Siku moja uliniambia, "Mama, njoo nikuonyeshe, ni rahisi," nikakuambia mikono yangu ina udongo. Mwanangu, haikuwa na udongo. Nilikuwa nimeshanawa.

Sasa kuhusu bibi na wapiga kasia. Siku nilipoondoka Ikombe kuja kuolewa, mtumbwi ulipotoka tu ufukweni mama yangu alilia kilio ambacho milima iliitikia. Nikamwambia mpiga kasia, "Geuza." Akageuza. Nikashuka, nikalala wiki nzima kwetu, huku posho ya harusi inaoza na kina baba yako wanatazama ziwa. Wiki iliyofuata mama akalia tena, yule mpiga kasia akasema, "Binti, mimi si mlango, wa kufunguliwa na kufungwa." Akapiga kasia. Mpaka kesho namshukuru. Na Jumatatu ulipokuwa unaondoka nimesimama pale Lyulilo nikawaza: mimi silii kama mama yangu, mimi najua kujizuia. Halafu nikawaza, silii, lakini nina koki. Wazo hilo lilinipiga hapa kifuani. Nikageuka kwenda nyumbani nikaenda kulitafuta lile kopo lako la vifaa.

Siku mbili niliiangalia tu ile koki. Nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Leo asubuhi nikasema basi, leo ndiyo leo, mtoto anarudi jioni. Nikaenda kwanza kwa Mama Ipyana na wenzake wa chini kuwaambia wachote maji mapema, mstari utafungwa.

Mama Ipyana akatoka na mwiko mkononi. "Mama Lugano, leo unachoma au unakaanga? Nikaanue nguo zangu?"

"Kaanua tu, dada, zisije zikapata wivu kwa usafi wa kazi yangu."

"Na bomba umeliaga?"

Nikamwacha na mwiko wake. Baba yako alikuwa ameshakwenda shambani, vijana wote wako kwenye mpunga, na koki ya juu iko palepale ilipo. Nikasimama kwenye migomba ileile. Nikasikia kikohozi, babu yako yupo, anaota jua. Nikageuka nikaupa ua wake mgongo, nikainama kama inavyotakiwa. Na pale miguuni pangu alikuwa yule kuku wa kishungi, ambaye analala kwetu na kula kwa babu. Nikamwambia kuku, kwa sauti kubwa:

"Ewe kuku, laiti ungekuwa na mikono! Ungeifunga koki ya juu, maana mjukuu wa mwenye nyumba hii anasafiri kesho, na koki ya kwao inavuja."

Nikasikia mkongojo unasogea. Halafu sauti, na mwanangu, miaka yote hii haijawahi kuja upande wangu, ikasema:

"Kuku, hebu muulize aliyekutuma. Leo kuna moto?"

Niliuma kanga ili nisicheke. "Kuku, sema hakuna moto. Kuna spana."

"Haya. Mwambie nafunga. Akitaka nifungue agonge sufuria. Akitaka nifunge tena agonge na kupiga kelele, hiyo ya kelele anaijua." Akakohoa kidogo. "Na umwambie, kuku, mjukuu wangu mwaka jana alikosa safari kwa ajili ya maji. Mwaka huu akikosa, koki zote hizi nitaziong'oa nizitupe ziwani, tunywe maji ya ziwa kama nilivyokunywa mimi nikawa mtu mzima."

Unaona? Unadhani ni mimi peke yangu niliyelala macho wazi mwaka jana?

Basi nikashuka. Nikafungua bomba la jikoni maji yaliyobaki yaishe. Nikaing'oa ile skrubu ya juu, mkono wa koki ukatoka. Chini yake nikaona nati ya shingoni, ile uliyokuwa unaikaza na kuikaza mpaka haikuwa na pa kwenda. Nikaifungua. Ndani, mwanangu, ni aibu! Zile nyuzi zilizozunguka kijiti cha chuma zimeoza zote, nyeusi, kama mizizi ya mpunga uliosahauliwa majini. Wewe ulikuwa unakaza nati juu ya kitu kilichokwisha. Si kosa lako, hukuwahi kupata nafasi ya kuifungua kwa utulivu, kila mara mimi nakuharakisha kwa kelele. Nikazitoa nyuzi zile moja moja kwa kijiti changu cha kuchorea shingo za vyungu, ambacho ni chembamba kuliko kifaa chochote kwenye kopo lako. Nakusifu kwa mengi lakini kijiti kama changu huna.

Nikachukua ile tepu yako nyeupe ya mabomba, nikaisokota ikawa kamba nyembamba, nikaizungusha kwenye kijiti cha chuma, nikairudishia nati, nikakaza. Nikagonga sufuria kwa kiburi kikubwa.

Ilinipiga usoni. Maji yakatoka kama mwavuli, nikalowa mpaka nywele za ndani ya kilemba. Mama Ipyana alikuwa ameshafika ugani, kumbe alikuwa anangoja.

"Ehee! Chemchemi! Tuwaite watalii wa Matema waje waoge!"

Na baba yako naye ndiyo anaingia na panga lake la kokoa begani, anasimama, anatazama. "Mke wangu," anasema, "ulipoichoma ilikuwa na nafuu."

Nikapiga kelele, nikagonga sufuria, huku babu kule juu anauliza, "Kuku! Nini tena, kuku?" Maji yakafungwa. Baba yako akasema atamwita fundi kutoka Kyela mjini. Fundi wa mjini aje lini? Kesho kutwa, wakati basi limeshavuka Tukuyu? Nikamwambia, "Baba Lugano, kaa pale, kunywa chai." Akakaa. Katika hili alikuwa msaada mkubwa.

Nilifungua upya nikakuta tepu yote imesukumwa nje, imejikunjua. Nikaiangalia muda mrefu. Maji yananidondoka kidevuni, Mama Ipyana anaongea, mimi naiangalia tu. Halafu nikaiangalia mikono yangu. Mwanangu, mimi tangu utotoni nimekizungusha chungu upande mmoja, kwenda kushoto, mkono umezoea, hauulizi kichwa. Na tepu nimeizungusha vivyo hivyo. Lakini nati inakazwa kwenda kulia! Kila nikikaza, nati inaifungua kamba yangu kwa upole kabisa. Nilipiga kigelegele hata kabla sijaitengeneza. Mama Ipyana akasema, "Sasa amerukwa."

Nikasokota nyingine. Nikaizungusha kwenda kulia, upande wa nati, polepole, maana mkono ulikuwa unataka kurudi kwenye chungu. Nikaishindilia kwa kijiti. Nati kwa vidole kwanza, spana kidogo. Nikagonga sufuria. Likatoka tone moja, likaning'inia. Wote tukalitazama, baba yako akasimama na kikombe. Nikakaza kidogo sana. Tone likakauka. Halikuja jingine.

Unajua nilifanya nini? Kwa furaha niliikaza tena, kwa nguvu zangu zote za kubebea vyungu. Nikarudisha mkono wa koki nikataka kuufungua, haugeuki. Umegoma kabisa. Baba yako akasema, "Hongera. Umeyafunga maji mpaka ufufuo." Ikabidi nilegeze. Kidogo hivi, kama unavyolegeza mkaja baada ya kula. Mkono ukazunguka laini, na shingo ikabaki kavu. Nilikaa pale kwenye kigoda na spana mapajani nikaitazama ile nati. Sikufanyii mahubiri, mahubiri yana mchungaji wake. Nakuambia tu kwamba niliitazama kwa muda.

Hapo ndipo nilipopiga vigelegele mpaka wauza samaki wakauliza kama kuna harusi. Na kutoka kwenye migomba nikasikia mkongojo, kikohozi, halafu: "Kuku. Mwambie ndaga fijo, shukrani nyingi. Mwambie mwanangu amefanya kazi." Mwanangu! Ameniita mwanangu, Tusekile. Kwa kupitia kuku, lakini ameniita. Yule kuku hachinjwi tena, baba yako nimeshamwambia.

Kwa hiyo nenda. Nenda na moyo mweupe. Nimeshaanza kujisifu kwa ajili yako, nakuarifu ili usije ukanitia aibu kwa kubaki. Sokoni nimesema binti yangu anakwenda kusomea samaki, na mzee mmoja akauliza samaki wanasomewaje, nikamwambia wewe umewala miaka yote umeshaelewa nini? Wanasema ziwa la huko ni kubwa kuliko letu. Waache waseme, ni kwao. Lakini uwaulize kama lina milima inayoshuka mpaka ndani ya maji kama hii yetu. Uniandikie walichojibu.

Na huko kuna siku mtu atakuambia, "Njoo nikuonyeshe," na wewe utaona aibu kwamba hujui. Nenda. Usimwambie mikono yako ina udongo. Mimi nilisema hivyo, na nimechelewa miaka mingi kuifurahia siku kama ya leo. Na mimi nikikupigia simu nikaanza, "Mwanangu, nyumba inavuja, mwanangu, mlango haufungi," niulize, "Mama, umejaribu?" Niulize kwa heshima, lakini niulize. Nikianza kukukoromea, nikatie simu. Nitanuna siku moja, ya pili nitakuwa nimetengeneza.

Kesho pale stendi sitalia. Nimeshapanga nitalia saa ngapi na wapi, ni nyuma ya banda la vyungu, baada ya basi, na Mama Ipyana amesema atanisindikiza maana naye analo lake la kulilia. Ukiona macho yangu mekundu ni sabuni.

Sasa sikiliza neno la mwisho, hili ni amri. Usirudi hapa kwa sababu kitu kimeharibika. Lisikurudishe bati, lisikurudishe bomba, isikurudishe koki. Ukirudi, urudi kula. Kaka yako Lugano anatoka Tunduma na mke wake na watoto, nimeshampigia. Bibi yako anakuja na mtumbwi kutoka Ikombe, na udongo wake kama kawaida hata ukimkataza. Mchele wa Busale nimeutenga, wala panya hawajui ulipo. Babu yako atakaa upande wake wa migomba na sahani yake, mimi upande wangu, na kuku katikati. Spana utaiona kwa macho tu, imeshapata mwenyewe. Wote tutakuwa hapa, mwanangu, na sahani yako itakuwa imefunikwa inakungoja, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi.